Mota ya Upande Mmoja

Karakana, 4 Machi

Mdogo wangu Bado,

Salamu nyingi kutoka huku. Tunaendelea vizuri, na shemeji yako anauliza kama siku hizi unakula au unashindia chai. Mimi mzima, ila kikohozi kimenizoea kama mpangaji asiyetaka kuhama. Najua tumenuniana miaka miwili. Basi tuseme mimi nimechoka kununa.

Nina shida ya kazi. Ile mashine yetu ya kuchonga vyuma nataka kuifunga kompyuta. Unakumbuka vile vipande vya mviringo? Mimi nashika hendeli ya kushoto nasogeza meza kidogo, wewe unafuata na hendeli ya mbele. Mimi naita, wewe unajibu "bado, bado", mimi naguna, mpaka wateja wakakupa jina. Tangu uondoke, kazi za mviringo nazirudisha. Mtu mmoja hawezi kuzungusha hendeli zote mbili na huku anaangalia kisu.

Wewe mashine za kompyuta unashinda nazo kiwandani kila siku. Nichagulie.

Kaka yako

*

Kiwandani, 29 Machi

Shikamoo kaka,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, sitaficha. Mwambie shemeji nakula, ingawa chai nayo ipo. Hicho kikohozi kapime, usikibembeleze.

Nimewauliza mafundi wenzangu. Ziko aina tatu. Ya kwanza inakuja kamili: skrini yake, mota kila upande, na hendeli zote unang'oa. Ni ghali lakini haikuumizi kichwa. Ya pili unaiunganisha mwenyewe na kompyuta yoyote kuukuu. Bei yake ni rahisi, ila inataka subira, na subira yako naijua. Zote mbili zinachonga mviringo zenyewe, kwa sababu mota zinakwenda pamoja. Ila kwanza ubadilishe zile skrubu za meza, zimelegea mno. Zamani tulizibembeleza kwa mkono, lakini mota haijui kubembeleza.

Ya tatu ina mota moja tu, upande mmoja. Upande wa pili bado anahitajika mtu. Hiyo achana nayo, ni nusu mashine nusu mtu. Mimi nakushauri ya pili.

Mdogo wako, Bado

*

Karakana, 20 Aprili

Bado,

Hatujambo, tunashukuru. Maelezo yako nimeyasoma mara nyingi, na shemeji yako anasema umekuwa mwalimu.

Nimeagiza ya tatu. Usiniulize sana.

Kaka yako

*

Kiwandani, 2 Mei

Shikamoo.

Mimi mzima. Natumaini na nyie wazima.

Siku naondoka ulisimama mlangoni ukaniambia, "Ukivuka hapo, hendeli yako naikata naitupa kwenye chuma chakavu." Nikasema ni hasira tu, kaka yangu namjua. Sasa umenifanya niulizeulize kiwanda kizima, kumbe unatafuta kitu cha kukaa pale nilipokuwa nasimama. Mota moja, upande mmoja. Sina haja ya kuuliza ni upande wa nani.

Haya, hongera. Hiyo haitakujibu "bado".

Mdogo wako

*

Nyumbani, 17 Agosti

Mdogo wangu mpenzi,

Mwandiko huu ni wa shemeji yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiruka matusi si kosa langu. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nimelazwa.

Machi nilitaka mashine ya kunisaidia, basi. Aprili nikaenda kupima kama ulivyosema. Kumbe si kikohozi, ni mapafu yenyewe, na daktari hakuzunguka mbuyu. Shemeji yako alilia. Mimi niliuliza kama kazi nyepesi ninaruhusiwa.

Ndiyo maana nikaagiza ile ya tatu. Mota nimeifunga upande wangu, Bado. Wa kushoto. Hendeli yako iko palepale, nimeipaka grisi. Mota inasogeza meza kidogo, inasimama, inalia pii, kisha inakusubiri mpaka ukanyage kitufe. Zile aina mbili nyingine hazimsubiri mtu, na skrubu zetu zilivyolegea zinakuhitaji wewe. Niliogopa usije ukarudi ukakosa wa kushika upande wa pili.

Yale maneno ya mlangoni niliyasema kwa sababu sikutaka uende. Kukwambia hivyo kulinishinda.

Njoo nikuone. Mashine iache kwanza, njoo.

Kaka yako

*

Karakana, 3 Septemba

Kaka yangu,

Shikamoo. Shemeji amesema nikuandikie hivyo hivyo, amezoea kushika barua zetu. Hii atakuja kukusomea kaburini jioni.

Barua yako niliipata Ijumaa, Jumamosi nikawa njiani. Nilipofika walikuwa wanakunja maturubai. Wanasema siku ya mwisho ulikuwa unauliza kila gari linalosimama nje. Hilo linaniua, kaka.

Leo nimefungua karakana. Nimekuta kipande cha mviringo umekifunga mezani, umekichora kwa chokaa, hakijaguswa. Nikawasha. Meza ikasogea ikasimama, pii. Nikasema "bado" kabla sijajua nimesema. Nikafuata na hendeli yangu, nikakanyaga kitufe, ikasogea tena. Tumekwenda hivyo mpaka nusu ya duara, kisha machozi yakanizuia kuona kisu nikazima. Kesho nitamalizia. Kiwandani sirudi.

Mashine uliichagua vizuri, mimi ndiye niliyekosea. Inasubiri kweli. Nilikaa pale muda mrefu bila kukanyaga kitufe, nione itafanya nini, na ilinyamaza tu. Haikuguna hata mara moja.

Mdogo wako, Bado