Meli za Suez na Zamu ya Maji

Alhamisi jioni

Watoto hawa watanimaliza. Wiki nzima nimefundisha Mfereji wa Suez mpaka sauti ikakauka. Leo nikawauliza kwenye mtihani meli hupitaje. Kathure, ambaye baba yake analima ndizi za kumwagilia hapa Mitunguu, akaandika: "Kwa zamu, kama maji ya shamba."

Nikamkosoa kwa wino mwekundu, kisha nikawasomea wenzake jibu lake. Darasa zima likacheka.

Kathure akasimama: "Lakini Mwalimu, si mfereji ni mwembamba? Zikiingia zote pamoja zitapitana wapi?"

Nikamwambia aketi.

Sasa nimefungua kitabu nimalize kusahihisha. Ukurasa uleule ninaofundisha kila mwaka: meli hupita kwa misafara, kila msafara na zamu yake.

Kesho nitamrudishia alama. Lakini kile kicheko, mimi ndiye niliyekianza.