Rangi Isiyotoka kwa Sabuni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nitaidai siku tukionana, maana najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu baada ya miaka sita ya kimya. U mzima? Shemeji hajambo? Mgongo wako bado unakusumbua? Sisi huku ni wazima, na safari hii sisemi hivyo kwa mazoea. Keti basi, usome mpaka mwisho.

Mwanao, huyu niliyemzaa mwaka mmoja baada ya wewe kuhama, ametimiza miaka mitano. Wapangaji wenzetu walimpachika jina la Kobe, kwa kuwa alikuwa akitembea hatua kumi, kisha anachuchumaa, magoti kifuani, anahema. Nikajua ni uvivu na kudeka. Nilikuwa nikimfokea na kumvuta mkono mbele za watu. Midomo yake kuwa ya bluu hakukunitia wasiwasi hata chembe: mtoto anashinda chini ya cherehani yangu akichezea vipande vya kitambaa cha bluu cha sare za shule, na kitambaa kile kinachuja vibaya sana. Kila jioni nilimsugua midomo na kucha mpaka analia. Rangi haikutoka. Nikabadilisha sabuni.

Siku moja akaja muuguzi kupimwa sare yake ya kazi. Nimeshamzungushia tepu kiunoni, akamwona Kobe ametoka kuokota kifungo, amechuchumaa mlangoni. Alimfuata na tepu yangu ikiburuzika nyuma yake, akamshika vidole, akazitazama kucha na zile ncha zilizovimba. Aliniuliza ameanza lini kuchuchumaa hivyo. Nikamjibu tangu ajue kutembea, ni deko tu. Akaniambia sare itasubiri, nifunge duka twende hospitali.

Dada, nimeuona moyo wa mwanangu ukipiga kwenye kioo cha mashine! Daktari alinionyesha tundu katika ukuta kati ya vyumba viwili vya chini, na njia ya kupeleka damu mapafuni ilivyobana. Damu isiyopata hewa inavuka tunduni na kusambaa mwilini. Hiyo ndiyo rangi niliyokuwa nikiisugua. Kisha akasema jambo jingine. Mtoto akichuchumaa, miguu ikabanwa, damu nyingi zaidi inasukumwa kwenda mapafuni, naye anapata nafuu. Kobe alikuwa akijitibu, dada. Hakuna aliyemfundisha. Na kila nilipomvuta asimame, nilikuwa namnyang'anya dawa yake.

Daktari wa upasuaji ni mama mfupi mwenye mikono midogo. Aliposikia mimi ni fundi cherehani alicheka, akasema basi sote ni mafundi, ila yeye hana nafasi ya kufumua. Waliusimamisha moyo wa mwanangu, mashine ikampumulia na kumzungushia damu, nao wakashona kiraka kisichozidi ukucha wa kidole gumba, wakaipanua na ile njia iliyobana. Saa tano nzima! Nimeshona miaka kumi na minane nikijiita bingwa. Siku ile nilikaa kwenye benchi nikaitazama mikono yangu. Waliponiingiza kumwona, alikuwa na mirija kila mahali, na midomo yake ilikuwa ya waridi. Miaka yote hiyo sikuwa nikiijua rangi ya midomo ya mtoto wangu mwenyewe.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya upasuaji waliniuliza kama katika ukoo kuna mtoto mwingine aliyekuwa hivi. Nikasema hakuna. Kesho yake nilirudi mwenyewe, nikamweleza daktari habari za marehemu mwanao: alivyotoa jasho akinyonya, midomo yake ilivyokuwa, alivyochuchumaa kizingitini kwako. Akasema hawezi kuapa juu ya mtoto ambaye hakumpima, lakini dalili ni zile zile, na wakati mwingine hali hii hurudi katika ukoo. Nikamuuliza kama baridi huileta. Akasema hapana, mtoto huzaliwa nayo.

Dada, yale maneno ya msibani, kwamba ulikwenda kazini ukamwacha mtoto apigwe na baridi, wewe ulimshuku wifi. Wifi hana kosa. Ni mimi. Niliyasema jikoni nikikata vitunguu, kwa wanawake watatu, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa nayo. Ulipofunga mizigo uhame, nilikusaidia kukunja nguo, na sikusema kitu.

Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Hata usiponijibu, hili nataka ulisikie kutoka kinywa kile kile kilichokuchafua: hukumuua mwanao.

Msalimie shemeji. Kobe anakuamkia, anasema shikamoo mama mkubwa. Jana alikimbia kutoka dukani mpaka kisimani na kurudi. Nikamsubiri achuchumae. Alisimama wima mbele yangu, akaniuliza kwa nini ninalia.

Ni mimi mdogo wako, uliyenifundisha kupitisha uzi kwenye sindano.