Adapta ya Brent na Miti 1,140 ya Orville

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Vossburg, Wisconsin

Jina: Lorraine Pfluger
Umri: Miaka 58
Kazi: Fundi kompyuta
Makazi: Mtaa wa Quarry, Vossburg

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Afande ameniomba niongee polepole. Nitajaribu.

Orville Gudmundsen, miaka 76, namfahamu kwa kuwa mimi ndiye ninayemtunzia kompyuta yake ya mwaka 1994. Mzee huyu huzalisha aina mpya za matufaha. Shambani ana miti 1,140, na kila mti una kibati chenye namba tu, basi. Watu wa huku huiba vijiti vya kupandikizia, kwa hiyo ukoo wa kila mti aliuficha ndani ya kompyuta ile peke yake. Msiniulize habari za nakala. Nimemsihi miaka sita. Alisema nakala ni kumfungulia mwizi mlango wa pili. Mwezi ujao alikuwa apeleke tufaha lake namba 88 likasajiliwe, na bila kujua wazazi wake halisajiliwi.

Mnamo tarehe 15 Oktoba 2019 monita yake ya zamani iliungua. Nilimwambia kwa simu, "Usiguse kitu. Jumamosi nakuja na adapta, tutaunganisha monita mpya."

Tarehe 18, saa 11:40 jioni, nilipigiwa simu na Brent Stadler, mpwa wake anayesimamia mauzo ya shamba. Alikuwa ameshanunua monita mpya na adapta yake mwenyewe. Akasema, "Mama Lorraine, lile likompyuta limekata roho. Kioo cheusi tii!" Nikamuuliza mshale kwenye adapta unaelekea wapi. Adapta hizi hupitisha picha upande mmoja tu. Ukichukua ya kutoka kompyuta mpya kwenda monita ya zamani, ukaipachika kinyume, waya zitaingia lakini picha haitapita. Akacheka. "Mshale gani tena? Acha kujipigia debe!" Nikamwambia, "Brent, mashine ni nzima. Nisubiri kesho." Akajibu, "Haya." Alisema "haya", afande, nimemsikia kwa masikio yangu haya mawili!

Tarehe 19, saa 5:15 asubuhi, nilifika shambani. Orville alikuwa bandani akiwapimia wateja. Ofisini nilikuta monita mpya inang'aa, na kompyuta haipo. Nikaitazama adapta. Mshale ulitoka kwenye monita kwenda kwenye kompyuta. Nilitukana, naomba radhi.

Mara Brent akaingia na gari lake la mizigo. Alitoka uwanja wa zimamoto, ambako kila vuli mji hukusanya vifaa vibovu vya umeme. Pale watu wa kujitolea hutoboa kwa keekee diski za kompyuta, zinamokaa kumbukumbu zote, siri za mtu zisichukuliwe. Orville akatoka bandani, akauliza, "Kompyuta yangu iko wapi?"

"Nimekusaidia, Mjomba," Brent akasema. "Ilishakufa. Diski wameitoboa. Boksi nimekurudishia, utatilia misumari."

Alikuwa anatabasamu!

Hapo na mimi nikakosea. Nilitaka nimuumbue. Nilichukua boksi lile, nikaliunganisha na monita mpya kwa adapta niliyokuja nayo. Picha ikatokea papo hapo, safi kabisa. Ikaandika kwamba inatafuta diski na haioni.

Orville alisoma mara mbili. Aling'oa monita, akatoka nayo, akaibamiza kwenye kioo cha mbele cha gari la Brent. Ilikuwa saa 5:40. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na sikumzuia. Nisingemzuia hata leo.

Brent analilia kioo. Mpeni kioo chake, vimejaa madukani. Orville ameihangaikia 88 miaka thelathini na moja. Hiyo nani anaifungulia jalada?

Niliyosema nimeyaona mwenyewe. Nimesomewa, nimeyakubali, na sipunguzi hata neno.

Sahihi ya shahidi: L. Pfluger

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami, Sajini Duane Kessel, tarehe 19 Oktoba 2019, saa 9:10 alasiri. Shahidi alipaza sauti mara tatu. Mtuhumiwa Gudmundsen, aliyeketi kwenye benchi ukumbini, amekiri kuvunja kioo. Hakuomba wakili. Ameomba karatasi na kalamu aandike ukoo wa miti yake kwa kichwa. Hadi naweka sahihi, amefikia mti wa tisa.