Bibi Harusi wa Mkono wa Kushoto

Siku ya Zuhura, 14 Machi, mkesha wa Ide

Wewe utakayeviokota vibao hivi, nakusihi kwa miungu ya nyumbani kwenu: soma, kisha umeze. Neno moja likivuja, mimi na Mzee Hermia hatuna vichwa.

Leo sarafu ya harusi ya Kaizari imegongwa. Dhahabu tupu! Yeye na mkewe wameshikana mikono. Kazi yangu, karani wa kiwanda cha sarafu, ni kulinganisha ya kwanza na mchoro, kisha kuipitisha. Nikaishika—kazi nikaisahau. Bibi harusi ni Filumena. Pua ile. Shingo ile, imeinama kidogo, kama anayeitwa. Mzee Hermia, mchonga mihuri wetu, amemchonga bintiye, yule aliyempeleka Antiokia kwa nyanya yake, mbali nami.

Nikapitisha.

Siku ya Zohali, Ide

Rustiko, msimamizi wa wagonga nyundo, kaniita. "Karani, kwenu mnaoa kwa mkono gani?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikatazama tena. Mikono ya kushoto badala ya kulia! Ndoa yenye nuksi—watasema tumemlaani Kaizari. Na mfuko mmoja umeshakwenda ikulu.

Nikamkimbilia Mzee. Muhuri huchongwa kinyume ili sarafu itoke sawa. Hata mwanagenzi anajua. Maandishi aliyageuza. Sura, hapana.

"Nilijaribu, mwanangu. Nikimgeuza, si yeye."

Ni kweli, si yeye.

Siku ya Mwezi, 17 Machi

Ikulu wameona. Amri: zote ziyeyushwe, mchongaji na aliyepitisha wafike kwa mkuu wa ikulu kesho asubuhi. Rustiko hacheki tena. Kaninong'oneza: "Mtupie mzee lawama. Ameshakula chumvi nyingi, wewe bado." Nikakataa. Akanitazama, akasema basi, mlango wa kuingizia mkaa leo usiku utasahauliwa wazi.

Mzee amegoma kutoka. Amesimama kando ya tanuru. "Wakimyeyusha, nitamwona wapi tena?"

"Baba, yuko hai! Yuko Antiokia!"

Sijawahi kumwita hivyo. Akachukua joho lake.

Vibao hivi nitampa nahodha aendaye huko. Filumena, vikikufikia, usije Roma. Shukia bandari ya Puteoli. Nyuma ya soko la samaki yuko mama muuza dengu, Trifena; atajua tulikojificha. Jina langu usilitaje. Nunua bakuli moja, ule taratibu, wateja wapungue. Kisha mwambie unamtafuta mzee wa Kigiriki na mkwewe. Akiuliza, mkwe kwa binti yupi, sema: ni mimi.