Kiti cha Nyuma, Upande wa Kushoto

Jumamosi, Julai 2007

Baridi. Ile baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba, isiyoleta mvua ya maana wala kuruhusu jua, inadondosha manyunyu tu ya kuchafua viatu. Niko ofisini mjini, ghorofa ya tatu, peke yangu. Askari wa mlangoni ameniuliza mara mbili kama nimesahau kuwa leo ni Jumamosi. Sijasahau. Nimekuja kwa sababu kompyuta ya kuandikia blogu hii iko hapa, na kwa sababu nyumbani Uthiru leo hakukaliki.

Nimejichukia leo. Wacha niseme tu hivyo.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya, karani, mume wa mama Brenda, na nina gari. Ni gari la mkono wa pili kutoka Japani, lile la nyuma ndefu, lenye waipa, ile fimbo ya kufuta kioo, hadi kwenye kioo cha nyuma. Hiyo waipa ya nyuma niliionea fahari kuliko injini. Majirani wote wana waipa za mbele tu, na mimi nilikuwa nikiiwasha hata siku ya jua kali, alimradi wanione.

Tangu Pasaka kioo cha nyuma kiliacha kupata maji. Ukibonyeza, pampu inalia nguuu chini ya boneti, waipa inakwaruza vumbi kavu, tone haliji. Mtu mwenye akili angempelekea fundi. Mimi niliendelea kuchanganya maji na sabuni ya unga, ile ya kufulia, nikajaza tangi, nikabonyeza zaidi. Sabuni nilikuwa nimeianza zamani, maana niliona maji matupu hayatoi matope ya Uthiru.

Tangi likawa linaisha kila wiki. Nalijaza, linaisha. Kioo kikavu, tangi tupu. Mtu mzima nilivyo, ninayelipwa kutafuta makosa kwenye hesabu za watu, sikuwahi kujiuliza hayo maji huwa yanaenda wapi.

Mwezi wa sita mama mkwe akaja kutoka kwao karibu na Webuye. Macho yake yalikuwa yanafunga. Mtoto wa jicho kwa yote mawili, na juu ya hayo ana kisukari. Hospitali moja kule Parklands ilikubali kumwona kila Alhamisi mpaka sukari ishuke, ndipo wampasue jicho la kwanza. Mke wangu ni mwalimu, Alhamisi hatoki. Kumpeleka kukawa kazi yangu, nami nikaomba ruhusa kazini.

Sasa hapa watu wa kwetu watanielewa upesi. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawaketi kiti kimoja, hawatazamani wakila, na mambo ya mwili ndiyo kabisa, hayatajwi. Ukiwa na neno zito unalipitisha kwa mke, au kwa shangazi, au unalimeza. Hiyo ni heshima, na nimeishika miaka yote nikiwa hapa Nairobi, hata watu wakinicheka. Kwa hiyo mama hakuweza kukaa mbele kando yangu. Alikaa nyuma, tena upande wa kushoto karibu na mlango, mbali nami kadiri gari linavyoruhusu.

Kila Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo. Tunatoka Uthiru, tunapita Kangemi, tukifika upande wa Loresho kioo cha nyuma kimeshapakwa matope na malori, nami naanza kubonyeza. Nabonyeza mpaka Westlands. Mama kimya huko nyuma, mkoba mapajani.

Alhamisi ya kwanza aliposhuka, niliona nyuma ya rinda lake pamelowa. Alijifunga leso juu yake haraka, akaenda zake mlangoni akipapasa ukuta. Nikageuka kukitazama kiti. Kimelowa chapachapa, na kinatoa harufu ya uchachu.

Sukari, nikajisemea moyoni. Watu wa sukari hukojoa sana. Na mama ni mtu mzima, na njia ni ndefu.

Sikuuliza. Ningemuulizaje? Nilichukua kitambaa cha kupangusia dashibodi, nikafuta. Alhamisi ya pili, yale yale. Na niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pangu pa kusema ukweli: sikumhurumia. Nilihurumia kiti. Niliwaza harufu, niliwaza wenzangu wa ofisini nitakaowapa lifti wataniambia nini. Nilikasirika kimya kimya, ile hasira ya mtu anayejiona mvumilivu.

Alhamisi ya tatu nikatandika nailoni.

Nilinunua ile nzito ya kufunikia meza, nikaikata kwa kipimo cha kiti, nikaweka taulo juu yake ili isionekane. Mama alifungua mlango, akaweka mkono kitini kama anavyofanya siku hizi kabla ya kukaa, maana haoni vizuri. Nailoni ikalia chini ya kiganja chake. Alisimama hapo kitambo, mkono ungali pale pale. Halafu akaingia, akaketi.

Kutoka Uthiru hadi Parklands ile nailoni ililia. Akipumua inalia, tukikata kona inalia. Niliwasha redio, nikaongeza sauti. Tulipofika alishuka akasema, "Asante, baba Brenda," kama anavyosema siku zote, na mimi nikaitikia nikitazama usukani.

Wiki hiyo hiyo akasema kuku wanakufa nyumbani, lazima arudi. Mke wangu alimsihi. Madaktari walikuwa wameshatoa siku ya kupasua, sukari imeshuka vizuri, bado wiki mbili tu. Mama akasema jicho litangoja, kuku hawangoji. Jumatatu alfajiri akapanda basi.

Mama Brenda akaniuliza, "Kuna nini? Umemwambia mama nini?"

Nikajibu sijamwambia kitu. Ilikuwa kweli, na ndiyo aibu yenyewe. Aliponibana zaidi nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyebeba siri kwa wema: mama yako anajikojolea.

Na aliniamini. Mke wangu aliketi kwenye kochi akalia kwa ajili ya mama yake. Akampigia simu dada yake aliyeko huko Webuye azungumze na mama taratibu, mwanamke kwa mwanamke. Dada akazungumza naye. Jibu likarudi kwamba mama amesikiliza mpaka mwisho, amesema "sawa," na amekwenda kuchuma mboga.

Alisema sawa. Nilipoambiwa hivyo nikajiona nimethibitishiwa.

Alhamisi ya wiki iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya kupasuliwa. Nilipita Parklands siku hiyo kwa shughuli za kazi, manyunyu yananyesha, nikawa nabonyeza maji ya nyuma kwa mazoea tu. Nilipofika ofisini nikafungua mlango wa nyuma kuchukua faili niliyoiweka kitini. Faili ilikuwa imelowa.

Nilisimama pale mlango wazi, manyunyu yakinipata kichwani. Wiki mbili hakuna binadamu aliyekalia kile kiti.

Nilikaa na hilo jambo siku tisa bila kumwambia mtu. Siku tisa! Nilijaribu kila uwongo. Labda ni dirisha, labda Brenda amemwaga juisi. Leo asubuhi nikaamka nikaenda gereji ya jua kali, ile ya wazi isiyo na paa, kule nyuma ya Kenyatta Market, kwa Fundi Oti, ambaye ana mdomo lakini kazi anaijua. Nyama choma zilikuwa zinaanza kunukia, na mimi sikuwa na hamu ya kitu.

Nikamweleza kuhusu kiti. Mambo ya mama sikuyataja. Akazunguka gari, akasikiliza pampu, akaniambia, "Mzee, hebu ingia huko nyuma ukae. Hapo penye unasema iko maji."

Nikakaa palepale, upande wa kushoto. Akaingia kwenye usukani, akabonyeza.

Sikusikia kitu mwanzoni. Halafu ubavuni, pale kiti kinapokutana na ukuta wa gari, maji yakaanza kuteremka. Baridi, jamani. Yakapita kiunoni, yakajikusanya chini yangu. Nikasema basi, imetosha. Akabonyeza tena.

"Umeskia? Hii gari haivuji mvua," akasema. "Ni wewe unanyesha."

Akaufungua ule ukuta wa plastiki kando ya kiti akanionyesha. Kumbe maji ya kioo cha nyuma hutoka kwenye tangi la mbele, yakapita kwa mpira mwembamba juu ya dari mpaka nyuma. Kule mwisho, kitundu cha kurushia maji kilikuwa kimezibwa na kitu cheupe kigumu. Akakichokonoa kwa pini, akakiponda kati ya vidole, akanusa.

"Nani alikuambia uweke sabuni ya unga? Imeganda. Maji ikakosa njia, ikachomoa mpira hapa kwa maungio. Si makosa ya gari hii, mzee. Ni mkono yako."

Akaunga mpira, akaufunga kwa waya, akamimina maji safi. Hata dakika ishirini hazikuisha. Alipobonyeza, maji yaliruka kwenye kioo cha nyuma, waipa ikapita, nikaiona barabara kupitia kwacho, safi kabisa kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Oti akacheka, akasubiri nifurahi. Nilikuwa nimesimama hapo na suruali imelowa matakoni, na watu wa nyama choma wananitazama. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu, wakacheka. Nilitamani kuwaambia ni maji, ni maji ya gari. Nikaona haisaidii.

Yeye alishuka hivyo mbele ya hospitali nzima. Alhamisi tatu.

Nikaendesha hadi Uthiru na suruali ile ile. Mama Brenda alikuwa anaanua nguo ambazo hazikukauka. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama kwenye matope, tangu sabuni hadi mpira. Sikujitetea, au labda nilijitetea kidogo, nilisema gari ni la zamani.

Alinitazama suruali. Halafu akauliza kitu kimoja. "Ile nailoni iko wapi?"

Nikasema iko kwenye buti.

"Ulimwekea mamangu nailoni," akasema. "Nyani haoni kundule, kweli." Akaingia ndani na simu.

Alizungumza na mama yake kwa lugha ya kwetu, na mlango hakuufunga, nadhani alitaka nisikie. Nilisikia upande wake tu. Alianza kwa kulia, akanyamaza sana, halafu akasema "Mama!" kwa sauti ya kugomba, halafu akanyamaza tena. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Alijua," akaniambia.

"Alijua nini?"

"Alijua tangu siku ya kwanza kwamba ni gari. Anasema maji yalikuwa ya baridi na yananuka sabuni. Na yalikuwa yanakuja kila ukibonyeza kile kitu chako kinacholia."

Nikauliza kwa nini hakusema. Mara tu neno liliponitoka nikajua jibu.

"Akuambie nini, na wewe ni mkwe? Gari lako ambalo unaringa nalo mtaa mzima, akuambie linavuja? Alisema utaona mwenyewe. Akangoja uone. Ulipoweka nailoni akajua umeona kitu kingine."

"Na dada yako alipomwuliza?"

"Alisema sawa. Ulitaka aseme nini? Aseme mkwe wake ni mwongo?"

Hayo ndiyo yanayoniuma, na ndiyo yaliyonitoa nyumbani nikaja kukaa na askari wa mlangoni. Yule mama alikubali kuitwa kikojozi na binti zake mwenyewe, uzeeni, kuliko kuniaibisha mimi kwa sababu ya gari. Alikaa kwenye maji ya baridi Alhamisi tatu akinilindia heshima yangu. Na mimi heshima yangu kwake ilikuwa kipande cha nailoni chini ya taulo. Nilikuwa nikijisifu kwamba nimeshika mila, kumbe nilishika ile sehemu ya kunyamaza tu. Kunyamaza nilikuweza. Kumwona nilishindwa.

Nilimwuliza mama Brenda kama atarudi, tuombe siku nyingine hospitalini. Alisema mama ameshukuru, lakini jicho lililobaki na mwangaza kidogo linamtosha kufika shambani. Halafu, akijifuta pua kwa shati langu alilokuwa ameshika, akaongeza, "Na amesema nikupe pole ya gari."

Pole ya gari!

Mvua imeanza kuwa mvua sasa. Naiona ikipiga kioo cha ofisi, na gari langu liko pale chini likiwa zima.

Nimeamua. Kesho asubuhi naelekea magharibi. Mama Brenda anasema mambo kama haya hupelekwa na mtu wa tatu, mkwe hajipeleki mwenyewe, na ni kweli. Lakini nimepitisha maneno kwa watu wa kutosha. Nitasimama uani kwake, mbali inavyotakiwa, nimwambie mbele ya binti yake wa Webuye kwamba yale maji yalikuwa yangu. Halafu nimwombe apande, twende kwa daktari. Kiti nitakikausha kwa jiko usiku huu, na kama hakijakauka basi yeye atakaa mahali popote anapotaka, hata mbele, na mila itatusamehe.

Ila najua itakavyokuwa, na ndiyo maana nimekaa hapa nikiogopa. Nitamaliza kusema yote, na yeye atageuza yale macho yake kunitafuta nilipo, atasema mbele ya watu kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza, "Kumbe gari lilikuwa linavuja? Pole sana, baba Brenda. Mimi wala sikusikia."