Pole ya Edah

Greenbelt, Maryland
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa rafiki yangu Clement,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani. Mguu wako unaendeleaje, na macho ya mama Edah? Mimi moyo umechoka. Daktari amesema nisipange mambo ya mwaka kesho, naye si mtu wa mizaha. Usihuzunike. Kuna jambo moja tu linaloninyima amani, nalo linakuhusu.

Mwanao Edah alikueleza kwamba tulikwenda bungeni. Bunge la jimbo, si lile kubwa la Washington. Kulikuwa na muswada wa kukataza mhudumu kuachwa amnyanyue mgonjwa mzito peke yake. Edah aliitwa kutoa ushahidi kwa sababu ya yule bibi aliyekuwa akimhudumia kazini, aliyemponyoka bafuni akavunjika nyonga. Kiingereza chake ni cha kuogesha na kulisha, kwa hiyo akaniomba niwe mkalimani wake. Nilifunga tai. Akanitania kwamba kwa kupendeza huko labda naenda kuchumbia, na binti yangu Rosemary, aliyekuwa akiendesha gari, akacheka mpaka tukapitiliza njia ya kuchepukia.

Asubuhi wajumbe walisali, wakaitwa majina, wakawapigia makofi watoto wa shule waliokaa juu roshani. Mmoja alisimama akasifu kaa wa kwao kwa kirefu, wenzake wakamwuliza mbona hajawaletea hata gando moja. Nilifurahi, Clement. Nilijiona mtu tena.

Mchana tukaingia kwenye kamati. Kila shahidi hupewa dakika chache, na taa nyekundu ikiwaka ananyamaza. Edah alisema vizuri, bila kulia. Alieleza kwamba siku ile aliomba mtu wa pili akaambiwa avumilie. Akamalizia kwamba watoto wa yule bibi walipofika, aliwaambia poleni sana.

Nikatafsiri kama tulivyozoea tangu shuleni: sori. Kwetu mtu akijikwaa barabarani unamwambia sori hata kama ulikuwa ng'ambo ya pili. Lakini mbele ya wanasheria wa huku, sori ni ya mwenye kosa. Mjumbe mmoja akainua kichwa. Akauliza, haraka na kwa maneno ya mahakamani, kama shahidi aliomba radhi kwa kuwa alijua kosa ni lake. Jibu likatoka kwamba ndiyo. Mjumbe akasema basi tatizo ni mhudumu, si sheria. Muswada ukawekwa kando, na wiki hiyo hiyo Edah akaachishwa kazi.

Ndipo ukamwandikia ujumbe ule mkali, ukimwuliza kwa nini alikiri kwa wageni kosa alilolikana kwako wewe baba yake. Alinionyesha. Akaniuliza, Baba Mdogo, nilijibu nini kibaya? Nikamwambia wajumbe ndivyo walivyo.

Nilimdanganya. Edah hakulijibu swali lile, kwa sababu hakuulizwa. Mjumbe alipomaliza nilitambua papo hapo nilipoteleza. Ilinipasa kusema, mheshimiwa, mkalimani amekosea. Badala yake nilimgeukia mwanao nikamwuliza kama kweli aliwaambia poleni. Akasema ndiyo, tena akatabasamu. Ndiyo hiyo nikaipeleka kwa mjumbe kuwa jibu la swali lake. Sikufanya kwa kutojua. Niliona haya kujisahihisha mbele ya watu wale, mimi niliyestaafu ukalimani ubalozini, tai shingoni. Nikaona heri aaibike yeye.

Sasa hana kazi, anaishi nasi, na kila asubuhi ananiogesha huku akinishukuru kwamba nilisimama naye. Siwezi kufa nikishukuriwa hivyo.

Kesho Rosemary atanipeleka kwa mwenyekiti wa kamati nikaseme haya kwa mdomo wangu. Muswada huenda usirudi, lakini jina la mtoto litasafishwa. Wewe mpigie simu, umwambie ulikosea kumkaripia. Mimi usinisamehe kwa haraka. Ulinikabidhi mtoto, ona nilivyomtunza.

Nisalimie mama Edah na wazee wenzetu wa parokiani, na mniombee. Kabla sijaifunga barua hii nitamsomea Edah mwenyewe, neno kwa neno. Nimeshamwita. Nasikia anapanda ngazi.

Rafiki yako,
Respicius