Uso wa Mama ya Mchungaji Kwenye Jalada

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono kwa sababu hapa nilipo sijui mbele wala nyuma. Mimi na mchumba wangu Mutindi tuko na kastudio kadogo hapa Mukuyuni, nyuma ya kinyozi, tunachapa kadi za harusi na sasa tumetoa kitabu chetu cha kwanza, habari za ngoma za zamani za Ukambani, yeye akashona kurasa na mimi nikachonga picha ya jalada kwenye raba ya soli ya kiatu, ya kupaka wino na kuchapia, mwanamke akicheza kilumi, ile ngoma ya pepo, na haki ya Mungu sikumfikiria mtu, mkono ulienda tu, lakini kitabu kufika sokoni watu wakaanza kucheka, aiii, si huyu ni Kalunde, mama ya mchungaji wetu, aliyeacha ngoma za pepo akaokoka! Mchungaji amekuja akiwaka moto, anasema nimemvua mama yake nguo mbele ya watu, nichome majalada yote ama harusi yetu ya Desemba hafungishi. Mutindi analia, anasema choma. Sasa shida ni hii, juzi huyo mama mwenyewe alikuja kwa mlango wa nyuma, akaangalia picha, akacheka mpaka akakaa chini, akaficha kitabu kimoja ndani ya leso, akaniambia, "Usiguse huo uso wangu. Na usimwambie mchungaji nilikuja." Nikichoma namkosea mama, nisipochoma nakosa bibi, nikijitetea natoa siri. Nifanye nini?

Kivuva, Mukuyuni

Pole, Kivuva, lakini wacha kunidanganya. Mkono hauendi tu. Ulimwona huyo mama akicheza ulipokuwa mtoto, akakukaa kichwani, ukamchonga bila hodi. Mtu huombwa uso wake, hata ukiwa umeuchonga vizuri.

Usichome kitu. Mutindi mwambie leo kwamba mama alikuja, yeye hakukatazwa kujua. Kisha nendeni wawili kwa Kalunde na sukari, umwombe msamaha, umweleze wazi kwamba harusi yenu iko hatarini. Akitaka kuongea na mwanawe, aongee mwenyewe, wewe ufunge mdomo. Akikataa, shika kisu uchonge mwanamke mwingine wa jalada jipya, na usinune. Huyo mama ndiye anaketi kanisani humo kila Jumapili, anajua anachoogopa. Mchungaji ana haki ya kukasirika, lakini uso si wake. Wala si wako.

Na hata ukichonga upya, kile kitabu kilichoingia kwa leso usikidai kamwe. Mwache mama acheze humo.